Dereva wa Jumamosi

Hii nitakayowaambia hamtaiamini, na siwalaumu. Hata mimi, kama ningeletewa na mtu mwingine, ningemwuliza amekunywa wapi. Lakini Kathambi ni mtoto wa dada yangu, lori lenyewe nimeliona, na matope yake nimeyakanyaga kwa viatu vyangu vya kanisa. Kwa hivyo kaeni vizuri, na anayetaka kucheka asubiri tufike katikati.

Kathambi anaishi Gatitu, pale mji wa Nyeri unapochoka kuwa mji na kuanza kuwa mashamba. Aliolewa huko na Theuri, mwanamume mpole wa ng'ombe wawili na maneno machache. Kazi ya Kathambi ni dereva. Si wa gari dogo, wa lori. Ukimwona na kitambaa chake kichwani na sweta iliyofungwa vifungo vyote, utadhani anakwenda kufundisha watoto wa chekechea. Ngoja umwone akirudisha lori nyuma kwenye kichochoro cha soko la Karatina, kioo kimoja kimevunjika, bila kugusa hata gunia moja la viazi. Aliyemfundisha ni mjomba wake, ambaye siku zake hakuwa na mwenzake kati ya Meru na Embu. Waulizeni waliobaki hai.

Sasa, Kathambi ana jambo lake moja. Ni Msabato. Ijumaa jua likianza kuegemea milima ya Nyandarua, anazima injini, na haiwashi tena mpaka jua la Jumamosi lizame. Hilo huwezi kujadiliana naye. Aliwahi kuendesha lori la maziwa, na maziwa hayajui Jumamosi. Tajiri akamwambia achague, akachagua. Akapata basi la shule. Michezo ya shule pale uwanja wa Ruring'u ikapangwa siku gani? Akachagua tena. Akapata kubeba mawe ya ujenzi, na mambo yakaenda vile vile. Theuri ni wa kanisa la Jumapili, na hata hiyo Jumapili anaiendea polepole. Siku moja wakikamua alimwambia mkewe kwamba dini yake ni nzuri sana, ila inakula sana. Kathambi aliendelea kukamua. Lakini lile neno lilimwingia, likakaa.

Halafu ukaja mwaka wa mafuriko. Mvua ilinyesha huku juu mlimani, shida ikashukia kule chini kwenye mashamba ya mpunga. Mito iliacha njia zake, ikaingia kwa watu bila kubisha hodi, ikatoka na magodoro. Waliookoka wakahamia uwanja wa shule moja iliyokuwa juu kidogo. Visima vikachanganyika na vyoo, na watoto wakaanza kuhara.

Ndipo walipokuja Wayahudi. Sisi huku tumewasoma kwenye Biblia tangu utotoni, na wako wazee waliodhani hao watu waliisha zamani pamoja na Wafilisti. Sasa wakatokea Kerugoya wamevaa gambuti, wakakodi nyumba, wakaanza kuuliza bei ya mabomba.

Hawakuwa shirika moja. Walikuwa mashirika kadhaa, kila moja na nchi yake na mambo yake, ila walikuwa wamekubaliana kwamba janga likiangukia watu popote, wataweka walicho nacho mezani pamoja. Moja lilikuwa na mashine ya kusafisha maji, lakini halina gari. Lingine lilikuwa na pesa za kukodi gari, lakini halimjui mtu. Lingine lilileta madaktari. Lingine lilileta watu ambao kazi yao yote ni kukaa chini na watoto walioacha kuongea, wakichora nao nyumba na kuku mpaka mtoto aseme huyu kuku ni wetu. Kila asubuhi walikaa meza moja wakabishana kama kamati ya mazishi ya marehemu mwenye wake wawili. Chai ikipoa walikuwa wamefikia neno moja, na wakitoka nje wote walilifuata.

Aliyeongoza meza hiyo aliitwa Tirza, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Fundi wao wa maji aliitwa Mzee Pinkasi, ndevu nyeupe, kikofia cheusi utosini, na katika wote yeye ndiye aliyeshika dini kwa mikono miwili. Na Wayahudi nao, kama mnavyojua, wanapumzika Jumamosi. Hapo ndipo meza ilipokuwa ikitaka kuvunjika miguu. Watu wa Pinkasi hawagusi injini siku hiyo. Watu wa Tirza wengine wanagusa. Ili wasigombane, wakapata njia: watafute dereva wa hapa hapa, Mkristo, apeleke maji Jumamosi na wao wapumzike. Meza ikatulia.

Wakamwomba Wasike awatafutie. Wasike ni askari polisi aliyewekwa kulinda ile kambi, mtu wa Bungoma aliyekaa Kirinyaga mpaka akaanza kuombaomba mukimo, vile viazi vyetu vya kuponda, kwa majirani. Alimjua Kathambi tangu siku za maziwa. Akamwambia Tirza kwamba amempata dereva safi, hanywi, haibi mafuta, na ni Mkristo kabisa. Akampigia Kathambi simu, akamwambia kuna kazi, na kwamba hawa watu Jumamosi hawagusi chochote. Yote mawili yalikuwa kweli. Na kila upande ulimsikia Wasike vizuri sana, hiyo ndiyo iliyokuwa shida.

Kathambi aliweka simu chini, akakaa kwenye ndoo. Alimwambia Theuri amepata matajiri wanaoshika Sabato. Theuri alicheka mpaka ng'ombe akageuza kichwa. Lakini usiku ule Kathambi aliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida, maana alihisi kwamba zile kazi zote alizoziacha zilikuwa zimejibiwa.

Basi akaenda. Akapewa chumba nyuma ya ile nyumba ya Kerugoya, na lori lililokodiwa, tanki kubwa mgongoni, gia za kizamani. Asubuhi anapanda juu karibu na msitu ambako mashine ya Mzee Pinkasi ilikuwa inasafisha maji ya mto. Anajaza, anashuka Kutus, anaacha lami, anaingia kwenye ule udongo mweusi wa mpunga ambao mvua ikinyesha hushika gurudumu kama mtu anayedai. Madereva wengine walikuwa wamejaribu wakavutwa na trekta. Kathambi hakuvutwa. Wiki nzima alifika, na akina mama pale kambini wakajua mlio wa lori lake, wakawa wanapanga mitungi kabla halijaonekana.

Ijumaa ikafika. Alasiri Kathambi aliosha lori, akafunga mkoba wake, akaweka hotpoti yake ya chakula cha kesho juu ya kiti. Alitaka kuwa Gatitu jua likiwa bado juu. Tirza akatoka nje akiwa na haraka. Akamwambia kambini tanki moja limepasuka, na familia nyingine zimefika tangu asubuhi, kwa hivyo maji yaliyopo hayatafika kesho mchana. Akamwomba kesho aamke mapema kidogo.

Kathambi alicheka kwa adabu. Alidhani huo ni mzaha wa kwao.

"Madam, kesho si ni Sabato?"

"Ndiyo," Tirza akasema. "Ndiyo maana tuko na wewe."

Hapo kila mmoja akamwangalia mwenzake kama amemwona amevaa nguo yake. Wasike alikuwa langoni akila mahindi ya kuchoma. Kathambi akamwendea.

"Afande, uliwaambia mimi ni nani?"

"Niliwaambia wewe ni Mkristo, Mama."

"Wa siku gani?"

Wasike aliangalia mahindi yake. "Hiyo hawakuuliza," akasema.

Meza ikaitwa, na mabishano ya siku hiyo hayakungoja chai. Mmoja alisema watafutwe madereva wengine. Wasike akapiga simu, na kila aliyesikia ile barabara baada ya mvua alikuwa na arusi ya kuhudhuria. Daktari alisema kwa sauti ya chini kwamba wako watoto ambao, wakinywa tena maji ya kisima siku moja, hatawaahidi wazazi wao kitu. Tirza alimgeukia Mzee Pinkasi akiwa amejikaza, maana alijua atapigana vita na nani.

Kathambi alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomtesa. Tajiri wa maziwa alimpigia kelele, na mtu akikupigia kelele ni rahisi kuondoka. Hawa walimwangalia tu. Akisema hapana, kuna mama pale kambini atakayepanga mtungi wake na kungoja mlio usiokuja. Akisema ndiyo, basi maziwa aliyaacha kwa nini? Basi la shule aliliacha kwa nini? Miaka yote ile Theuri amekula ugali na mboga kwa ajili ya siku ambayo yeye mwenyewe sasa anaiweka kando akiombwa vizuri. Mkono wa mkoba ulimkata vidole na hakuuhamisha.

Mzee Pinkasi alimwuliza, polepole ili Kiingereza chake kimfikie, kama amewahi kupoteza kazi kwa sababu ya siku hii.

"Si mara moja, Mzee."

"Na hii?"

"Hata hii naweza kuiacha. Lakini sitaki."

Mzee alizishika ndevu. Kisha akaongea na meza, si na yeye. Alisema walitafuta mikono ya mtu mwingine ili yao ibaki safi, na ilikuwa njia rahisi, na yeye mwenyewe aliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi. Kisha akasema maneno ambayo Kathambi anayakumbuka hadi leo.

"Siwezi kumwomba mtu avunje ya kwake ili mimi nitunze yangu. Na mtoto akiwa hatarini, sheria yetu haisemi tuma jirani. Inasema nenda wewe, na anayeishika siku hii zaidi ndiye atangulie. Kesho naendesha mimi."

Tirza, aliyekuwa amekuja na silaha zote, alibaki hana wa kumpiga. Alikaa chini.

Basi wakatoka wote kumwona Mzee akijaribu lori kabla jua halijazama. Sasa ndiyo katikati niliyowaambia. Mzee Pinkasi aliwahi kuendesha trekta ujanani, na alipanda kwenye kiti kama mtu anayekumbuka. Lakini lori lile lina tabia. Alitafuta gia ya kwanza akapata ya nyuma, akatafuta ya nyuma akapata mlio ambao mbwa wa jirani walijibu. Lori likaruka kidogo, likazimika. Akaliwasha tena, likaanza kwenda kwenye ua wa michongoma ambako Wasike alikuwa amejificha na aibu yake, na ndipo watu wa Kerugoya walipoona afisa wa polisi akiruka michongoma kwa mguu mmoja, mahindi mkononi.

Kathambi hakucheka. Alikuwa anafikiria shimo. Miaka mingi amefundisha watoto kanisani, darasa la Sabato asubuhi, na kila mwaka linafika lile somo la ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, kama mwenyewe atamwacha au atamtoa. Na kila mwaka watoto wanasema atamtoa, na yeye anasema vizuri, tuimbe. Hakuwahi kujiuliza huyo ng'ombe angekuwa na sura gani. Maziwa ya tajiri hayakuwa shimoni. Watoto wa michezo hawakuwa shimoni. Hawa wa kambini walikuwa wamo hadi shingoni. Aliligeuza jambo hilo mara mbili, akitafuta kama anajidanganya kwa sababu anaitaka kazi. Akapata namna ya kujua.

Akaweka mkoba chini, akaenda mpaka kwenye mlango wa lori.

"Shuka, Mzee. Hii lori itakumaliza huko kwa matope, na maji itabaki barabarani."

Mzee akashuka. Kathambi akamgeukia Tirza.

"Kesho siji kazi. Siku ya kesho msinilipe, hata mkinipa sitachukua. Mimi naenda tu kutoa ng'ombe kwa shimo." Kisha akamwonyesha Mzee Pinkasi kidole, kidole chenyewe cha ukoo wetu. "Na wewe unakuja. Mpira wa maji ni wako."

Tirza aliuliza ng'ombe gani. Mzee Pinkasi hakuuliza. Inaonekana ng'ombe huyo anajulikana na kwao.

Jumamosi walitoka ukungu ukiwa bado umelala kwenye majani ya chai. Kijana mmoja wa shirika lenye pesa alitaka kuja na kamera, maana waliochanga kule ng'ambo hupenda kuona, na Mzee akamwambia leo tunafanya linalolazimu tu, na picha hailazimu. Ndiyo maana hakuna picha, na ndiyo maana mnaniangalia hivyo.

Redio haikuwashwa. Kathambi alikuwa na wimbo wake mdogo wa Sabato, akauimba kwa ndani. Mzee alikuwa na wake, akaunguruma nao. Nyimbo hazikuelewana hata kidogo, lakini zilitosha ndani ya lori. Walipoingia kwenye udongo mweusi, lori likaanza kuteleza upande, polepole, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala. Kathambi hakukanyaga breki. Aliliachia mafuta kidogo, akaligeuzia usukani upande ule ule linakokwenda, kama alivyofundishwa na mjomba wake, likafikiri, likanyooka. Mzee aliacha kuimba pale, akaanza kuomba, na hiyo haikuhitaji tafsiri.

Walifika. Mzee akashuka, akafunga mpira, maji yakaingia kwenye tanki lililobaki. Wakapanda tena mlimani wakaleta mengine, na mengine. Alasiri, tanki likiwa limejaa na kila mtungi umejaa na kila sufuria, daktari akasema yanatosha hadi Jumapili. Mzee Pinkasi akamwambia Kathambi kwamba basi, lililolazimu limekwisha, na kwa upande wake hawezi kupanda gari kurudi nyumbani kwa ajili ya starehe. Atakaa hapa hapa mpaka siku iishe. Yeye Kathambi anaweza kwenda.

Kathambi naye alikuwa amezima injini tayari na kuweka ufunguo mfukoni.

Wakakaa kwenye dawati mbele ya darasa la nne, mmoja mwanzo wa dawati na mwingine mwisho. Kathambi akafungua hotpoti, githeri ya jana, mahindi na maharagwe. Mzee akafungua kibati chake, samaki na mkate, wa jana pia, maana kwao kama kwetu siku hiyo hakuna kupika. Kathambi akamkaribisha. Mzee akashukuru, akaeleza kwamba vyombo na vyakula vya kwao vina masharti mengi. Kathambi alimwelewa upesi kuliko alivyotarajia, kwa kuwa na yeye kuna vitu anavyokataa arusini mpaka watu wanune. Mama mmoja wa kambini akawaletea ndizi. Ndizi haina masharti. Walizila zote.

Jua likazama nyuma ya migomba. Kathambi akasimama, akakung'uta sketi.

"Imeisha, Mzee. Twende."

Mzee akatazama juu. Akasema kwao haiishi jua likizama tu. Inaisha nyota tatu zikionekana.

"Na wingu hii yote?"

"Tunangoja."

Kathambi angeweza kuondoka. Ya kwake ilikuwa imeisha. Baridi ilikuwa inapanda kutoka kwenye maji ya mashamba, na sweta yake ilikuwa imelowa mikono. Aliangalia lori, akaangalia mzee aliyeinua ndevu mbinguni kama mtu aliyesahau miwani. Akaketi tena. Wakatafuta nyota pamoja, na ya tatu aliiona Kathambi.

Jumapili meza ilikaa. Hapakuwa na mabishano marefu, jambo ambalo Wasike anasema hakuwahi kuliona kabla wala baada. Shirika la watu wa watoto lilikuwa na tanki kubwa la mpira lililokunjwa stoo Nairobi, likingoja janga la nchi nyingine, wakalileta. Ikakubaliwa kwamba Ijumaa kambi itajazwa maji ya siku mbili, hakuna dereva wa kukodiwa kwa ajili ya Jumamosi, na ikilazimu kweli kweli, watakwenda wao wenyewe kwa zamu, wenye kushika zaidi wakitangulia. Kwa hiyo ilibidi wajifunze lori. Kathambi akawafundisha. Tirza alijua gia siku ya kwanza. Mzee Pinkasi bado anajifunza.

Na Ijumaa iliyofuata, jua likianza kushuka, kambi imejaa maji mpaka juu, Kathambi akashuka kwenye lori na mkoba wake, na pale uwanjani palikuwa pamewekwa jukwaa, na watu elfu na zaidi wamesimama, chifu, maaskofu, na Mzee Pinkasi mwenyewe akatoka mbele ya umati, machozi yakimtiririka ndevuni, akamshika Kathambi mkono, akauinua juu, akatangaza kwamba tangu siku za Musa hajaonekana mwanamke ambaye—

"Mjomba," anasema Kathambi, ambaye ameniletea chai na kusimama nyuma ya kiti changu akisikiliza bila ruhusa. "Yule mzee hashiki mkono wa mwanamke. Na hakukuwa na jukwaa. Aliniambia Sabato njema, nikaenda nyumbani."